Dhahabu ya Chunya na Samaki wa Rukwa

Mtu amdhuruye mwenziwe asiyemjua, kwa tendo ambalo hakuna aliyemkataza na madhara yake hayaonekani kwa macho, je, ana deni kwake? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Latuhusu sisi wa Mbeya na Iringa.

Huko Chunya, katika bonde la Lupa, dhahabu yachimbwa tangu miaka ya 1920. Mchimbaji mdogo husaga mawe, huuchanganya unga na zebaki ili ikamate dhahabu, kisha huichoma zebaki ikaruka kama moshi. Nyingine hubaki katika marudio, na mvua huikokota. Vijito vya huko huelekea Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Kiingiacho humo hukaa. Iringa nako wamo wachimbaji, na maji ya Ruaha Mkuu hupita Mtera, huingia Rufiji, hufika baharini mkabala wa Mafia.

Topeni, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu iingiayo mwilini kwa wepesi na kutoka kwa shida. Viumbe vidogo mno huimeza, samaki wadogo huvila viumbe hivyo, samaki mkubwa huwala hao. Na kila hatua sumu huzidi. Samaki huyo hanuki, wala kumchemsha hakumtakasi. Japani, kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba ya Minamata miaka mingi. Paka waliokula samaki wakashikwa na kifafa, na mwaka 1956 ugonjwa wa watu ukatambuliwa rasmi. Wako akina mama walioonekana wazima, lakini watoto wao wakazaliwa na ulemavu mzito. Sumu ilikuwa imepita kwa mama ikamwangukia aliye tumboni.

Wala tusimwonee mchimbaji. Moshi ule humpata yeye kwanza, na aghalabu watoto wake pia. Umaskini wapunguza lawama yake. Lakini deni kwa mtoto wa mvuvi haulifuti, maana mtoto yule naye ni maskini, tena hakuulizwa.

Serikali yetu ilitia sahihi Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ikauridhia mwaka 2020. Kipo chombo rahisi cha chuma kinasacho moshi wa zebaki ili itumike tena. Mnunuzi amkopeshaye mchimbaji zebaki, kisha akaichukua dhahabu kwa bei aitakayo, angeweza kumkopesha na chombo hicho. Huyo hana umaskini wa kujitetea nao.