Mgeni wa Siku Mbili: Swali la Pumziko kati ya Uluguru na Dakawa

Katika hesabu ya Kiswahili juma huanza pale ofisi zinapolimaliza, kwani Jumamosi, kama jina lake linavyoeleza, ni siku ya mosi baada ya Ijumaa, ilhali mkazi wa Dar es Salaam anayekata tiketi ya kwenda Morogoro siku hiyo huiita mwisho wa wiki. Tofauti hiyo yaweza kuonekana kuwa ya kalenda tu, lakini imebeba swali ambalo falsafa na dini zimelijadili kwa karne nyingi: je, pumziko ni ujira anaolipwa mtu baada ya kazi, au ni jambo linaloitangulia kazi, ambalo hakuna awezaye kulichuma kwa jasho lake?

Swali hilo limekuwa la kawaida zaidi tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya miji hiyo miwili kwa muda usiofika saa mbili. Mtu anaweza sasa kunywa kahawa chini ya kilele cha Lupanga katika milima ya Uluguru, chenye mita 2,138, akapanda njia ya Morningside kutazama msitu, na kesho yake akala wali wa mchele wa Dakawa kabla ya kurudi kwake.

Aristotle alitenganisha pumziko la kawaida, ambalo ni kama dawa ya kumrudishia mtu nguvu ili afanye kazi tena, na wasaa, yaani muda ulio huru wenye thamani ndani yake, ambao kazi yenyewe hufanywa kwa ajili yake. Hoja hiyo ni nzito, ila ina ufa mkubwa: wasaa wa raia wa mji wa Kigiriki ulibebwa na migongo ya watumwa, naye Aristotle hakuona tatizo. Torati ililiona. Amri ya Sabato imetolewa mara mbili, katika Kutoka kwa sababu ya uumbaji na katika Kumbukumbu la Torati kwa sababu ya ukombozi kutoka utumwani Misri, na kote kuwili inawataja mtumwa, mnyama wa kazi na mgeni kuwa miongoni mwa wanaopaswa kupumzika. Zaidi ya hayo, kwa kuwa Mwanzo inasema mwanadamu aliumbwa siku ya sita, siku yake ya kwanza kamili duniani ilikuwa ya pumziko, kabla hajafanya lolote la kulistahili. Hesabu hiyo inafanana na ile ya Jumamosi, inayoanza juma kwa pumziko. Uislamu, unaokataa wazo kwamba Mungu huchoka, hauifanyi Ijumaa kuwa siku ya kutofanya kazi, bali huagiza biashara isimame kwa ajili ya sala na kisha watu watawanyike kutafuta riziki.

Hata kahawa, ambayo msafiri ameifanya alama ya utulivu, haikuanza kama kinywaji cha kulegeza mwili. Masufi wa Yemen, yaani Waislamu wanaofuata njia ya ndani ya ibada, waliinywa katika karne ya 15 ili wakeshe katika dhikiri, ambayo ni kumtaja Mungu kwa kurudiarudia, na uchungu wake ungali ukimiminwa kutoka kwenye madele mitaani, pamoja na kashata. Kwa asili hiyo, anayekaa na kikombe chake amekusudia kuwa macho, na linalobaki ni kujua anayaona yapi. Mteremko ambao kwake ni mandhari, kwa Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, ni shamba na pia kumbukumbu, kwani mwaka 1955 watu wa Matombo, huko huko Uluguru, waliandamana kupinga kulazimishwa na serikali ya kikoloni kuchimba matuta ya ngazi.

Dakawa, kwenye barabara ya Dodoma karibu na mto Wami, inalikaza swali zaidi. Katika eneo hilo ndipo Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, mwaka mmoja baada ya Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo afanye kazi na iliyowafanya wasio na ajira mijini wakamatwe kama wazururaji. Sheria ile ilimtazama aliyekaa bure kama mwenye deni, na hapo ilikosea, ingawa swali lake kuhusu nani anamlisha nani lilikuwa la haki.

Methali inajibu kwa upole zaidi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili za mwanzo ni zawadi isiyodaiwa. Jembe nalo si adhabu, bali ni namna ya kumwingiza mgeni katika nyumba. Wakimbizi wa Afrika Kusini wa chama cha ANC, waliofungua kituo chao Dakawa mwaka 1982, walikaa miaka, wakajenga na kulima. Msafiri wa wikendi, kinyume chake, hukaa siku mbili barabara, na badala ya jembe hutoa fedha. Kulipa si dhambi, maana mpishi na dereva wanaishi kwa malipo hayo, lakini malipo hufunga hesabu pale ambapo jembe lingefungua undugu, wala hayajibu kama mpishi naye ana siku yake.

Wakati mpunga unapokaribia kuiva, watu wa Dakawa hushinda juu ya dungu, yaani jukwaa la miti shambani, wakiamia ndege kwa kombeo na kelele tangu alfajiri hadi jua lizame, kwa sababu kwelea kwelea hawajui Jumapili. Sahani ya wali huliwa na mgeni mchana wa siku hiyohiyo, naye hupanda treni ya jioni. Jumatatu, siku ya tatu ya juma na ya ugeni wake, anakuwa Dar es Salaam ameshika jembe lake mwenyewe ofisini, na lile la Dakawa limebaki mkononi mwa mwenyeji.