Je, Yafaa Kumnakili Mwanadamu?

Mwenye kusafiri kutoka Itigi kwenda Rungwa, mkoani Singida, hupita katika nchi ya miombo na vichaka ambamo mbung'o ni wengi. Mdudu huyo huambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana, naye hukonda, huishiwa damu na mwishowe hufa. Msafiri akiambiwa kwamba mjini Nairobi, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ikishirikiana na Taasisi ya Roslin ya Uskoti, imepata ndama dume wa Boran kwa njia ya kunakili, kwamba ndama huyo aliitwa Tumaini, na kwamba shabaha ni kupata siku moja ng'ombe asiyeuawa na nagana, bila shaka atafurahi. Lakini hapo hapo swali jingine humjia: Ikiwa ng'ombe ananakiliwa, mbona mtu asinakiliwe?

Kwanza yafaa tueleze jambo lenyewe. Yai la jike huondolewa kiini chake, kisha hutiwa kiini cha seli iliyotoka katika mwili wa mnyama mmoja tu. Likianza kukua, huwekwa katika tumbo la uzazi. Atakayezaliwa ni kama pacha wa yule aliyetoa seli, ila amezaliwa nyuma yake. Ndivyo alivyopatikana kondoo Dolly huko Roslin, tarehe 5 Julai 1996.

Watu wengi wa dini hujibu upesi kwamba kufanya hivyo ni kushindana na Muumba. Jibu hilo halitoshi. Mtaalamu hakuumba chochote: seli aliikuta, yai alilikuta, na tumbo la uzazi alilikuta. Mkulima apandaye kipande cha shina la muhogo naye hupata nakala ya mmea ule ule, wala hakuna amwitaye mshirikina.

Wengine husema kwamba mtu wa namna hiyo hatakuwa na roho. Hili nalo si kweli. Watazameni Kulwa na Doto waliotoka katika yai moja. Miili yao ni sawa, lakini mmoja aweza kuwa mchamungu na mwingine mwizi. Kurani Tukufu hufundisha kwamba kila nafsi itaulizwa kwa matendo yake yenyewe. Basi baba aliyefiwa na mwanawe, akimnakili, hatarudishiwa marehemu. Atapata mtoto mwingine kabisa, aliyetwishwa kazi ya kuwa maiti aliyefufuka.

Basi ubaya uko wapi? Uko katika dhuluma atakayotendewa mtoto.

Kwanza, ni madhara. Ili kumpata Dolly yalitumika mayai 277. Mimba changa 29 tu ndizo zilizofaa kuwekwa katika kondoo 13, na akazaliwa mwana-kondoo mmoja. Hasara ya kondoo hupimwa kwa fedha. Lakini ni nani mwenye haki ya kufanya majaribio ya namna hiyo kwa matumbo ya wanawake na maisha ya watoto?

Pili, ni nasaba. Mtu akinakiliwa kutokana na seli yake, mtoto yule ni mwanawe au ni ndugu yake? Katika mirathi ya Kiislamu kuwapo kwa mwana wa kiume humzuia ndugu asirithi. Kadhi atamweka upande gani? Na mama yake ni nani: mwenye yai, aliyembeba, au aliyemzaa mwenye seli?

Tatu, nalo ndilo kubwa, ni kusudi. Tumaini alitengenezwa kwa ajili ya haja yetu, nasi hatumdhulumu, kwani ng'ombe hufugwa kwa maziwa, nyama na jembe, mradi asiteswe. Mwanadamu hakuumbwa kwa haja ya mwanadamu mwenzake. Mtoto ni amana. Wazazi humpokea bila kumjua, naye hukua akijijulisha kwao. Aliyenakiliwa huja na sura aliyochaguliwa na mwingine, na kila siku atapimwa kwa maisha ambayo mwingine amekwisha kuyaishi.

Mataifa nayo yamelitazama jambo hili. Mwaka 1997 UNESCO ilitangaza kwamba kumnakili mtu ili azaliwe ni kinyume cha heshima ya binadamu. Tarehe 8 Machi 2005 Umoja wa Mataifa ulipitisha tamko kwa kura 84 dhidi ya 34, na nchi 37 hazikuelemea upande wowote. Tamko hilo halina nguvu ya sheria. Nao ubishi mkubwa haukuwa juu ya kuzaliwa mtoto, bali juu ya kunakili mimba changa kwa utafiti wa dawa. Uingereza, mwaka 2001, ilikataza la kwanza na kuruhusu la pili kwa kibali. Lakini mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba seli za ngozi ya panya zaweza kurudishwa katika hali ya uchanga bila kutumia mimba. Na kwa hiyo hoja ya dharura imepungua nguvu.

Atauliza mtu: Na mume na mke wasiojaliwa mtoto? Uchungu wao ni wa kweli, hasa katika nchi yetu ambamo mwanamke asiyezaa hutukanwa hata na mawifi zake. Lakini uchungu huo, sehemu kubwa ni sisi tunaoutia. Tuondoe matusi yetu kabla ya kumwomba mtaalamu aondoe utasa. Wala haja ya kupata mtoto haimpi mtu haki ya kumchagulia mtoto huyo awe nani.

Mpaka leo hakuna mtu aliyethibitishwa kuzaliwa kwa njia hii. Lakini, ndugu msomaji, iwapo siku moja atazaliwa licha ya makatazo yote, asiitwe nakala wala haramu. Kosa litakuwa la waliomtengeneza. Yeye ni mwana wa Adamu, na haki zake zote ni juu yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atuepushe na kumdhulumu hata yule ambaye hajazaliwa. Amin.