Si Ungeongeza Kidogo?

Kuna swali ambalo kila mpiga gita wa Nairobi hukutana nalo siku moja, na anayeliuliza huwa hana nia mbaya: "Msee, doo zote hizo kwa Squier? Si ungeongeza kidogo ununue Fender yenyewe?"

Muulizaji hata huwa hajaligusa gita. Ameona jina kichwani, akasikia bei, na vitu hivyo viwili vikakataa kukaa pamoja. Ungemwambia umelipa elfu ishirini na tano, angenyamaza. Ungemwambia ni Fender ya laki moja na ushee, angekupongeza. Kinachomkera ni hapo katikati, jina la bei nafuu linapothubutu kudai pesa za maana.

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, pengine kuliko linavyostahili, kwa sababu sioni kama ni la magita tu. Ndani yake kuna dhana kuhusu nani ana ruhusa ya kulipwa vizuri kwa kazi nzuri, na nani anatakiwa abaki rahisi hata akifanya vizuri namna gani.

Tuanze na hesabu. Squier ni mali ya Fender. Kule Marekani, kwa miaka hii ya karibuni, Squier ya ngazi ya chini, ile ya Sonic, imekuwa ikiuzwa karibu dola 200. Ile ya juu zaidi, Classic Vibe, ni dola 400 na kitu. Fender inayotengenezwa Ensenada, Meksiko, inaanzia mitaa ya dola 800, na ile ya Corona, California, inapita 1,500 bila kugeuka nyuma. Gibson na Epiphone wana ngazi ya namna hiyohiyo. Sasa piga dola moja kwa shilingi 130 hivi, ongeza nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na uone "kidogo" ni ngapi. Kutoka Classic Vibe hadi Fender ya Meksiko ni zaidi ya shilingi elfu arobaini, kabla hata mzigo haujapanda ndege. Kwa kijana anayepiga kanisani Jumapili na harusini Jumamosi, hiyo ni kodi ya bedsitter ya miezi kadhaa. Neno "kidogo" hutoka rahisi kinywani mwa mtu ambaye si yeye anayeongeza.

Lakini hoja ya kwamba Fender ni ghali haitoshi. Inabidi tuulize zile dola 200 zilizo kati ya Sonic na Classic Vibe zinanunua nini.

Zinanunua vitu vidogo visivyopendeza kwenye picha. Kile kipande kinachobeba nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa huwa ni cha mfupa, si cha plastiki. Pikapu (si ile ya kubeba viazi, bali sumaku zinazosikiliza nyuzi) hutengenezwa kwa sumaku ya alniko badala ya kauri. Vifungio vya nyuzi hushika tuni vizuri zaidi. Freti, zile pau za chuma zilizolazwa shingoni, mara nyingi huwa zimesuguliwa kwa uangalifu zaidi pembeni. Hakuna hata kimoja kati ya hivi utakachokiona ukiwa viti vya nyuma. Utavigundua mkono ukipanda na kushuka shingoni kwa saa tatu, na vidole vikatoka salama.

Hapa namkumbuka Aristotle. Katika Siasa anauliza: tukiwa na filimbi bora, tumpe nani? Anajibu kwamba apewe mpigaji bora, si aliyezaliwa kwenye ukoo bora wala aliye mzuri wa sura. Ni jibu zuri, na lingewatoa jasho wale walioning'iniza magita ya nusu milioni ukutani sebuleni, ambayo hupigwa Krismasi tu. Ila kuna kundi ambalo Aristotle amelisahau, na ndilo letu wengi: wanaoanza. Wengi wetu tumemeza hoja yake bila kumsoma. Utasikia, "Mimi bado sijafika level hiyo, wacha kwanza ninunue hili la bei ya chini, nikijua kupiga ndio nitastahili zuri."

Mimi naona ni kinyume. Mpigaji aliyebobea anaweza kulitawala gita bovu. Anajua uzi wa tatu umepanda kidogo, kwa hiyo anaubonyeza kwa adabu. Anajua kudanganya, kurekebisha, kukwepa. Anayeanza hajui lolote kati ya hayo. Nyuzi zikikaa juu mno na vidole vikauma, haambiwi na yeyote kwamba shida ni gita. Anajiambia ana vidole vifupi. Kodi ya F isipotoka, anadhani hana kipaji. Gita lisiposhika tuni, anaamini hana sikio. Huo ndio ubaya wa chombo kibovu mikononi mwa mgeni: kinamdanganya kuhusu yeye mwenyewe, na hana namna ya kuligundua hilo.

Najua utaniletea mifano. Utaniambia Hound Dog Taylor wa Chicago alipiga blues akitumia magita rahisi ya Japani, na watu wakacheza hadi jasho likawatoka. Utaniambia Danelectro walikuwa wakitengeneza magita ya mbao za kubandika, pikapu zake zikiwekwa ndani ya vibweta vya lipstiki, yakauzwa kwenye maduka ya Sears, na bado Jimmy Page akayapandisha jukwaani. Utanikumbusha Franco wa Kinshasa, ambaye inasimuliwa kwamba utotoni alijitengenezea gita la mkebe na nyaya za umeme. Utataja na mabwana wa benga waliohamisha mdundo wa nyatiti hadi kwenye gita la umeme wakiwa na vifaa ambavyo leo tungevicheka.

Yote ni kweli. Lakini hao ni walioshinda. Hatuna orodha ya walioliweka gita chini ya kitanda mwezi wa tatu na hawakuligusa tena. Tukisema "Franco alianza na mkebe," tunamsifu Franco, na ni haki. Tukisema hivyo ili kumnyima mtoto wa leo chombo kinachoshika tuni, tumegeuza umaskini wa mtu kuwa mtihani wa kipaji cha mwingine.

Basi, kwa upande wa mikono, jibu langu ni ndiyo: zile dola 200 za kutoka ngazi ya chini kwenda ya juu ndani ya jina la bei nafuu mara nyingi ndizo zinazofanya kazi kubwa kuliko zote kwenye ngazi hiyo. Zinazofuata hufanya kazi ndogo zaidi, na zinazofuata hizo, ndogo zaidi tena.

Turudi kwa jina, kwa sababu ndilo lililomkera muulizaji wetu.

Mwaka 1899, Thorstein Veblen aliandika kuhusu kijiko. Kijiko cha fedha kilichofuliwa kwa mkono, cha dola kumi au ishirini, hakichoti supu vizuri kuliko cha alumini cha senti kumi kilichotoka mashinani. Ila tunakiona kizuri zaidi. Na ikigunduliwa kwamba kile "cha mkono" kilikuwa cha kuiga, uzuri huyeyuka palepale, ingawa jana jicho lilikuwa limeridhika kabisa. Kila mpenzi wa magita angesoma ukurasa huo kwanza, kisha afungue pochi.

Tazama Epiphone. Kabla ya 1957 alikuwa mpinzani wa kweli wa Gibson. Mwaka huo Gibson akamnunua, na katika miaka ya sitini magita ya majina yote mawili yakawa yanatengenezwa katika kiwanda kimoja kule Kalamazoo, Michigan. Epiphone Casino waliyoipiga Beatles haikuwa gita la wanyonge. Baadaye utengenezaji ukahamishiwa Japani, kisha kwingine Asia, na jina likawa la mdogo wa nyumbani, yule anayevaa nguo kaka akishazichoka. Wanunuzi walinung'unika miaka na miaka kuhusu umbo la kichwa cha Epiphone, kwamba si lile la Gibson lililo kama kitabu kilichofunguliwa. Mwaka 2024 yakatoka magita ya Epiphone ya bei ya juu yenye umbo lilelile la Gibson, na furaha ilikuwa kubwa. Kumbuka tunazungumzia kipande cha mbao ambacho mkono wa mpigaji haukigusi isipokuwa anapotyuni.

Au itazame Squier yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya sabini nakala za Japani zilikuwa zimekuwa nzuri kiasi cha kumtisha mwenyewe aliyenakiliwa. Fender akaamua kushirikiana nao: mwaka 1982 Fender Japan ikaanzishwa, magita yakitoka kiwanda cha FujiGen, na jina la Squier likabandikwa kwenye yale ya bei nafuu. Leo zile Squier za mwanzo husakwa na wakusanyaji na kuuzwa kwa bei ambayo Squier mpya haiioti. Mbao ni zilezile, waya ni uleule. Kilichobadilika ni sisi. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," walisema wahenga, lakini manze, wahenga hawakuwahi kuona bajeti ya matangazo.

Kwa hiyo mtu anaposema "hiyo ni pesa nyingi kwa Squier," anasema nini hasa? Hajasema freti ni mbovu. Anasema jina hili lilikubali kuwa rahisi, kwa hivyo libaki rahisi. Na kwa kuwa jina ni njia ya mkato ya kusema mahali, anamaanisha pia kwamba kilichotengenezwa na mikono ya Indonesia au China hakipaswi kukaribia bei ya kilichotengenezwa California, hata mikono ikiwa imefanya kazi safi.

Hapo ndipo naona linatuhusu sana sisi. Nenda Kariokor kwa mafundi wa viatu vya ngozi. Fundi akitaja bei inayolingana na kazi yake, mteja anashtuka: "Bei hiyo na ni ya hapahapa?" Mteja huyohuyo ataingia duka la mjini na kulipa maradufu kwa kiatu cha ngozi ya kubandika, bila kuomba apunguziwe, kwa sababu kimeandikwa jina la kigeni. Tunalalamika kwamba dunia hulipa kahawa yetu kidogo na jina la mwokaji wa Ulaya sana, halafu tunamwangalia fundi wa Bandung au Surabaya kwa macho yaleyale tunayoangaliwa nayo.

Lakini nisijifanye kwamba ukilipa zaidi, ile nyongeza inamfikia aliyesugua freti. Kampuni ya Korea Kusini ya Cor-Tek, wenye jina la Cort, wametengenezea majina mengi makubwa magita, na laini ya SE ya PRS hutoka kwao Indonesia. Kuanzia mwaka 2007 walifunga viwanda vyao vya Korea na wafanyakazi wakaachishwa kazi. Walioachishwa hawakukubali kirahisi. Waliandamana, wakalala nje, wakasusia chakula, wakaenda mahakamani, na baadhi yao wakaunda bendi, watu waliokuwa wametumia maisha yao kutengeneza magita ya kupigwa na wengine. Makubaliano yalipatikana 2019, baada ya miaka kumi na miwili hivi. Magita yaliyotoka kwenye mikono hiyo yalibandikwa majina ya Marekani kichwani, na wengi tuliyasifu kwa kuwa "mazuri kwa bei yake," tusijue sehemu ya wema huo ililipwa na nani.

Hilo halinifanyi niseme usinunue. Linanifanya nisipende ile sifa ya "zuri kwa bei yake" ikitamkwa kama vile unafuu ni zawadi iliyotoka mbinguni. Nikiambiwa gita la dola 450 limefanyiwa kazi ya dola 450, jibu la "basi lingekuwa la 250" linanikaa vibaya.

Kuna wakati lakini ningekuambia usiongeze hata shilingi. Kama tofauti ya bei ni rangi ya dhahabu kwenye vyuma, mchoro wa mbao ulio juujuu kama karatasi ya ukutani, au sahihi ya mwanamuziki nyuma ya kichwa, achana nayo. Kama huna amplifaya ya maana, gita la laki halitakusaidia, kwa sababu nusu ya sauti ya gita la umeme iko kwenye lile sanduku. Na kama kuna fundi mzuri karibu nawe, mpe elfu chache alishushe, alinyooshe shingo, asugue zile freti zinazochana. Squier ya chini iliyopitia mikono yake inaweza kuiaibisha Fender iliyotoka kwenye boksi ikiwa haijawahi kutazamwa. Tena hapo unajua pesa imeingia mfuko wa nani.

Ukienda dukani, usianze na kichwa. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, kutoka juu hadi chini, usikie kama chuma kinakwaruza. Kunja uzi kwa nguvu, kisha uuachie na usikilize kama umerudi ulikotoka. Piga kodi moja wazi, halafu ileile kwenye freti ya kumi na mbili. Mwombe rafiki uliyekuja naye akupe magita mawili ukiwa umefumba macho, na asikuambie lipi ni lipi wala bei gani. Usifumbue mpaka umwambie unalotaka kwenda nalo nyumbani.