Anayekejeliwa Akicheka

Tashtiti, kama tuwafundishavyo wanafunzi wetu, ni sanaa ya kukosoa kwa kuchekesha. Lakini yafaa tujiulize: anayekejeliwa akicheka pamoja nasi, kejeli hiyo imebakiwa na kazi gani?

Filamu ya Zoolander, iliyoongozwa na Ben Stiller huko Marekani mwaka 2001, yatupa mfano wa kufaa. Mhusika wake mkuu, Derek, ni mwanamitindo mwingi wa sura na mchache wa akili, ambaye ufundi wake wote ni kubana midomo na kukaza macho mbele ya kamera. Hadi leo wapo wanaoiga sura hiyo wapigapo picha, hata miongoni mwa wasiopata kuiona filamu yenyewe.

Hata hivyo, ndani ya mzaha huo mna shtaka zito. Wakuu wa mitindo wanapanga kumwua waziri mkuu wa Malaysia kwa kuwa ameazimia kukomesha kazi za watoto viwandani, kazi ambazo ndizo zinazowapa nguo kwa gharama ndogo. Malaysia iliipiga marufuku filamu hiyo. Aidha, mbunifu Mugatu anaonyesha mavazi yanayoiga matambara ya wasio na makazi. Jambo hilo halikuwa mbali na ukweli, kwani Januari 2000 John Galliano, akiifanyia kazi Dior, alikwisha kuonyesha Paris mavazi yaliyotokana na hali ya mafukara wa mji huo.

Je, wenye mitindo walikasirika? La. Derek alizaliwa katika filamu fupi iliyotengenezewa hafla ya tuzo zao mwaka 1996. Donatella Versace na Tommy Hilfiger walionekana ndani ya Zoolander yenyewe. Machi 2015 Stiller na mwenzake Owen Wilson walipita jukwaani Paris katika maonyesho ya Valentino, wakishangiliwa. Miaka miwili kabla ya shangwe hizo, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa nguo za kuuzwa ng'ambo.

Wahenga walinena kuwa mzaha mzaha hutumbua usaha. Hapa mzaha ulidumu, usaha ukabaki ndani. Watu walihifadhi sura ya Derek wakawasahau watoto wa kiwandani.

Hatuwezi kumlaumu msanii peke yake. Yeye alisema, nasi tulisikia. Na aliyecheka hawezi kudai kwamba hakuelewa. Kicheko ni ushahidi kuwa habari imefika, na habari ikishafika huzaa wajibu. Basi tuifundishapo tashtiti, tusiishie kumwuliza mwanafunzi ni nini kinachochekesha. Tumwulize pia ni nani anayetajwa katika mzaha, lakini hayumo ukumbini kucheka nasi.