Uenyeji wa Jeevanjee

Saa saba mchana, bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi hujaa watu. Wengine wamejilaza nyasini kwa sababu pesa ya chakula haipo. Wengine wamesimama duara wakibishana kuhusu bei ya unga na ahadi za wabunge. Duara hilo ndilo Bunge la Mwananchi. Ardhi wanayoikanyaga walipewa wakazi wa mji mwaka 1906 na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi. Mwaka 1991 ilipotaka kujengwa, aliyeitetea kwa nguvu ni mjukuu wake, Zarina Patel.

Basi uenyeji hutoka wapi: kwa babu aliyezikwa hapa, au kwa jasho la mtu mwenyewe?

Huko Singapore, koloni la zamani la Uingereza kama Kenya, swali hilo lilimalizwa na wingi. Karibu robo tatu ya raia ni wa asili ya Kichina, na wana wa wahamiaji ndio walioshika dola. Wahindi wa Kenya, wenzake Jeevanjee, hawafiki hata asilimia 1. Wingi hauwezi kuwasemea.

Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alijisemea kwa kinywa chake. Mwaka 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai uhuru wa Afrika Mashariki nzima. Wakoloni wakamweka kizuizini zaidi ya miaka 11. Pio Gama Pinto, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, naye alifungwa kwa kuwasaidia wapiganaji wa Mau Mau. Uhuru ulipokuja akawa mbunge, akaendelea kuwatetea wasio na ardhi. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi ndani ya gari lake, langoni kwake Westlands, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Alikuwa na miaka 37.

Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wengi walifurahi, na ni haki yao. Sheria za vibali na leseni za mwaka 1967 ziliwasukuma maelfu kwenda Uingereza, na mtaani hata aliyezaliwa hapa, baba na babu yake pia, bado huitwa Mhindi tu. Ila inasikitisha kwamba mlango waliofunguliwa ni wa kabila, kana kwamba uraia peke yake haukutosha.

Na kwa anayedai kuonyeshwa kaburi, la Pinto liko City Park, Parklands.