Bakhshishi: Ni Hidaya au ni Ujira?

Katika mambo ambayo watu huyapitisha kwa kuyazoea, bila ya kuyapima, ni hili la kumpa kitu mtumishi wa meza baada ya kula. Jamaa yetu mmoja aishiye Marekani ametuletea suala lililozuka baina yake na bintiye, nasi twaliona ni zito kuliko lionekanavyo, kwani ndani yake mna haki ya mtu.

Yeye na watu wa nyumba yake walikwenda kula chakula cha mchana katika mkahawa wa Kitaliani, wa ile mikahawa yenye jina moja na matawi katika kila mji. Walikula, wakashiba, hesabu ikaletwa. Baba akalipa kama ilivyoandikwa, senti kwa senti, akainuka. Binti, ambaye naye hufanya kazi ya kuandaa meza siku asizokuwa na masomo, akamwambia: "Baba, yule mama hujamlipa." Baba akajibu: "Nimelipa kila tulichokula. Kilichozidi hapo ni hisani, na hisani haidaiwi." Sasa twaulizwa ni nani kati yao mwenye haki.

Yafaa kwanza msomaji aijue hali ya mikahawa hiyo. Iliyo mashuhuri zaidi ni Olive Garden, iliyoanzishwa na kampuni ya unga na nafaka iitwayo General Mills katika mji wa Orlando, Florida, mwaka 1982. Tangu mwaka 1995 imo mikononi mwa kampuni ya Darden, na leo ina matawi zaidi ya 900. Mwenye kuagiza chakula humo huletewa supu au saladi, pamoja na mikate myembamba yenye kitunguu saumu, na kila ikimalizika huongezwa bila ya bei kuongezwa. Matangazo yake kwa miaka mingi yalimwambia mgeni kuwa akifika hapo yeye ni mtu wa nyumbani. Maneno hayo ni matamu. Lakini mwaka 2014 wenye hisa wa Starboard Value walitoa waraka wa kurasa karibu 300 kuhusu uendeshaji wa kampuni hiyo, na mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa kwamba mikate huletwa mezani mingi mno kwa mara moja, ikapotea bure. Hatusemi kuwa walikosea, kwani mkate kutupwa ni israfu, awe aliyekasirika amekasirika kwa ajili ya neema au kwa ajili ya faida. Twasema tu kwamba nyumba ambayo mikate yake huhesabiwa na washirika ni duka, nalo si aibu kuwa duka, bora lijulikane hivyo.

Basi tutazame upande wa pili wa meza. Kima cha chini cha mshahara katika sheria ya Marekani kwa jumla ni dola 7.25 kwa saa, tangu mwaka 2009. Ama mtumishi ambaye hupewa bakhshishi, mwajiri ameruhusiwa kumpa dola 2.13 tu kwa saa, kima ambacho hakijasogea tangu mwaka 1991, na kilichobaki kitimizwe na wageni. Wasipokitimiza, mwajiri ni juu yake kujaza mpaka ifike hiyo 7.25, wala halazimiki kuzidisha. Yako majimbo, kama California na Washington, ambayo hayaikubali hesabu hii. Na kwa insafu tutaje kwamba mwaka 2021 Darden ilitangaza kuwa watumishi wake wa saa hawatapata chini ya dola 10 kwa saa. Lakini msomaji aangalie sana, bakhshishi zimo ndani ya hizo 10. Yaani anachokiita mgeni hisani yake, mwajiri amekwisha kukiandika katika daftari kuwa ni sehemu ya mshahara.

Suala hili linatukumbusha masala yaliyomo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kisomwacho sana katika darasa zetu. Mtu akimpa mshoni nguo amshonee, wala ujira usitajwe, naye akashona, je, ana haki ya ujira? Kauli iliyotangulizwa ni kuwa hana, kwani hakushurutisha. Ipo kauli ya pili kuwa anao. Na ipo ya tatu yenye kutofautisha: akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kuifanya kazi hiyo kwa ujira, basi anao, na kama sivyo, hana, nayo imetajwa kuwa ni kauli nzuri. Baba yule amesimama na kauli ya kwanza, hata kama hakuwahi kuisoma. Binti amesimama na ya tatu. Nasi, ambao hapa twapima wala hatufutu, twaona moyo unaelekea kwa binti, kwani katika nchi ile hakuna mtu mzima asiyejua kuwa mtumishi wa meza hutarajia sehemu ya 15 mpaka 20 katika kila mia. Lililojulikana na wote halihitaji kuandikwa.

Atasema msemaji: mshoni hana mwajiri mwingine, na mtumishi huyu anaye. Mkataba wake ni na mwenye mkahawa. Mimi mgeni nimeingiaje? Na tena nikitoa, si ndio ninamsaidia tajiri aendelee kutoa dola mbili?

Hoja hii ina nguvu, wala haifai kuibeza. Jawabu lake ni kwamba ile bei uliyoisoma katika karatasi ya vyakula ilikuwa rahisi kwa sababu ujira wa mtu haukutiwa ndani yake. Ukiupokea urahisi, umeipokea na sababu yake. Na ukijizuilia kutoa kwa nia ya kumtia adabu tajiri, adabu hiyo haimfikii: yeye ataongeza senti chache kufikia 7.25, au hataongeza kitu iwapo meza nyingine zimetoa. Atakayerudi nyumbani na upungufu ni yule mama. Mwenye kutaka kuipinga desturi hii na aipinge mbele ya watunga sheria, au asile hapo. Kula kwanza, kisha kuipinga kwa mfuko wa mtumishi, hilo silo.

Wala isidhaniwe kuwa twaisifu desturi yenyewe. Asili yake si njema. Baada ya utumwa kuondolewa Marekani mwaka 1865, kampuni ya Pullman iliwaajiri watu weusi waliokuwa watumwa kuwahudumia abiria katika mabehewa yake ya kulala, kwa mshahara mdogo, wakitegemea kile watakachorushiwa na abiria. Iliwabidi watabasamu ili wale. Chama chao kiliundwa mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na mkataba na kampuni haukupatikana ila mwaka 1937. Walikuwako hata Wamarekani walioichukia bakhshishi: jimbo la Washington liliipiga marufuku kwa sheria mwaka 1909, na majimbo mengine yakafuata, kisha sheria zote hizo zikafutwa kabla ya mwaka 1930. Na sisi watu wa mwambao, ambao hali ya utumwa kwetu haikuondolewa kisheria ila mwaka 1907, tusijione tuko mbali na khabari hii. Mangapi yaliyobaki katika majumba yetu, ya mtu kufanya kazi mchana kutwa akapewa "chochote" kwa hiari ya bwana, na akadaiwa shukrani juu yake?

Ubaya mkubwa wa mambo haya, kwa maoni yetu, ni kule kumfanya mlaji kuwa kadhi wa riziki ya mwenziwe. Katika nusu saa ya makaroni amepewa uwezo ambao bwana mwenye mali mwenyewe hana: kukata mshahara wa mtu kwa kuwa hakumpenda uso. Hidaya ya kweli humtoka mtu hali mpokeaji hakuingojea kwa khofu. Na tabasamu litokalo kwa khofu ya kukosa chakula cha watoto, mwenye kulipokea hawezi kujua kama limetoka moyoni. Hivyo wote wawili wamepotewa na kitu: mmoja amenyimwa ujira ulio wazi, na wa pili amenyimwa raha ya kutoa. Pamoja na hayo, watumishi wengi hawaitaki desturi iondoke, kwa sababu katika meza nzuri hupata zaidi. Katika jimbo la Maine wapiga kura waliamua mwaka 2016 kuipandisha dola ile ndogo hatua kwa hatua, na mwaka 2017 baraza likairudisha nyuma, na katika waliodai irudishwe walikuwamo watumishi wa meza wenyewe. Nasi hatuwalaumu. Mtu aliyezoea kuishi kwa bahati huogopa akiahidiwa hesabu.

Kwa baba aliyetuuliza twasema: aihesabu bakhshishi kuwa ni sehemu ya bei kabla ya kuagiza. Ikiwa chakula cha watu watano kitakuwa dola 100, na ajue kuwa ni 115 au 120, na mfuko ukiwa hauwezi, nyumbani kuna jiko. Ampe mtumishi mkononi au kwa kadi, vyote sawa, kwani sheria ya mwaka 2018 imewakataza waajiri na wasimamizi kuchukua chochote humo. Na akitoa asijione amekarimu, bali amelipa. Akipenda kukarimu, na azidishe juu ya hapo.

Ametuuliza pia kama ana ruhusa ya kupunguza iwapo hakuhudumiwa vizuri. Mshoni aliyeiharibu nguo hupunguziwa, ila hapunguziwi kwa kuwa alinuna alipokuwa akishona. Na aliyeletewa chakula kilichopoa aangalie kwanza: pengine kimekaa jikoni, na yule anayekileta hana mkono katika jiko.