Amekukumbuka kwa Sababu Ana Shida

Somo: Waamuzi 11:1-11

Jumapili iliyopita tulisoma habari za Yeftha, jinsi wazee wa Gileadi walivyomwacha afukuzwe, halafu vita vilipowafika shingoni wakamfuata kumbembeleza. Baada ya ibada dada mmoja aliniuliza swali ambalo halijibiki pale mlangoni watu wakisalimiana. Mtu aliyekuumiza akikuandikia maneno matamu siku anayokuhitaji, je, huo ni upendo au ni shida tu inayoongea?

Walimu wetu wastaafu wanalijua swali hili. Ujumbe unaingia kwa simu: habari mwalimu wangu mpendwa, sijakusahau katika maombi. Unasoma ukitabasamu mpaka mstari wa mwisho, na hapo ndipo unakuta kiasi cha pesa kinachohitajika. Unacheka, unaweka simu chini. Hiyo ni ndogo. Iko barua nzito zaidi iliyowahi kuvuka ziwa hili letu.

Alexander Mackay, Mskoti, fundi wa mitambo, alifika Buganda mwaka 1878 wakati wa Kabaka Mutesa. Alifua vyuma, alichapa karatasi za kusomea, alifundisha. Vijana wa ikulu walimjia kujifunza kusoma, na mwana wa mfalme, Mwanga, naye alikuwa akifika mara moja moja. Mwanga alitawazwa mwaka 1884. Sasa hebu fikiria, mwalimu anaona kijana aliyekaa kwake na kitabu amekuwa mfalme. Si angetarajia mema?

Januari 31, 1885, vijana watatu wa misheni waliuawa na kuchomwa moto: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, ambaye alikuwa mtoto tu. Oktoba mwaka huo huo Askofu James Hannington, aliyekuwa amepita huku kwetu na kuwaacha wapagazi wake wengi kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Juni 3, 1886 ikawa Namugongo. Mwaka 1887 Mackay mwenyewe alilazimika kuondoka, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa.

Mwaka 1888 Mwanga naye akapinduliwa, akakimbia kwa mtumbwi. Mwaka uliofuata, akiwa mkimbizi aliyeshindwa vitani, alimwandikia Mackay na mwenzake Gordon. Aliwasalimu sana, akawaita baba zake. Akawaomba wasiyakumbuke yaliyopita. Akasema zamani hakumjua Mungu, sasa anaijua dini ya Yesu. Na akaomba wamsaidie arudi kwenye kiti chake.

Najua tungesema nini hapa Kisumu. Tungesema: ati leo? Kwa sababu kimeungua? Lakini tusiharakishe, wapendwa. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 alikumbuka nyumbani kwa sababu ya nini? Njaa. Hata hotuba ya toba aliipanga akiwa bado kwa nguruwe. Baba yake hakumhoji kama amekuja kwa upendo au kwa tumbo. Shida ndiyo iliyomleta wengi wetu madhabahuni, na hakuna mzee wa kanisa aliyetukagua kwanza. Kwa hiyo hoja ya kwamba barua imeandikwa katika dhiki, kwangu mimi, haitoshi kuitupa.

Ugumu uko mahali pengine. Baba wa Luka 15 alisamehe mali yake mwenyewe. Mackay angeweza kusamehe matusi, vitisho, hata kufukuzwa. Lakini Lugalama? Nani alimpa Mackay ruhusa ya kusema, haya, tusahau ya Lugalama? Mtu hawezi kulipa deni kwa mfuko wa jirani, na hawezi kulifuta deni ambalo jirani ndiye anayedai. Hapa ndipo tunapokosea tunapowaambia wajane na mayatima wasamehe upesi ili kanisa lipate amani. Amani ya nani?

Kinachonigusa ni kwamba wenye majeraha hawakusubiri wamisionari. Wakristo wa Buganda waliokuwa uhamishoni, watu ambao ndugu zao walichomwa, ndio waliomkubali tena Mwanga awe mfalme wao. Siwapambi, walitaka pia nchi yao na vyeo vyao. Lakini wao walikuwa na haki ya kuamua, na waliamua wakijua walichopoteza. Gordon na mwenzake Walker walivuka ziwa mwaka huo huo, wakaenda kukaa kwake, kama walimu.

Na Yeftha? Hakuwafukuza wazee, wala hakuwakumbatia na kuruka na upanga. Aliwauliza kwanza mbona wanamjia sasa, akataka ahadi, na ahadi ikasemwa mbele za Bwana huko Mispa. Dada yangu, kuuliza hivyo si kukosa msamaha. Mjibu huyo mtu. Mwambie umeipata barua yake, na mwambie pia ni nini anachodaiwa, na ni nani anayemdai.

Mackay hakuiona Buganda tena. Homa ilimuua Usambiro Februari 8, 1890, siku ambazo Mwanga alikuwa akikirudia kiti chake. Mwaka 1899 Waingereza walimpeleka Mwanga uhamishoni Shelisheli. Huko alibatizwa, akaitwa Danieli, na huko akafa mwaka 1903.